Kaburi la Mgomba

Ukifika Kituntu ukauliza nyumba ya Sista Sperancia, atakayekuonyesha njia ama alizaliwa mikononi mwake, ama mama yake ndiye aliyezaliwa mikononi mwake. Usidhani ni mtawa. Ni muuguzi mstaafu, Mlutheri, mjane wa miaka sabini na miwili, mwenye magoti yanayomsumbua mvua ikikaribia na ulimi ambao haujawahi kuugua hata siku moja. Miaka thelathini na mmoja alizalisha wanawake katika hospitali ya misheni, chini ya metroni Mjerumani aliyekuwa akikagua kucha za wauguzi kila asubuhi. Miwili kati ya miaka hiyo alipelekwa Ujerumani kusomea ukunga, na huko akajifunza Kijerumani cha wodini. Pumua. Geuka. Inauma wapi. Usisukume, bado. Kilichopungua alikijazia mwenyewe kwa kitabu cha nyimbo na kamusi nene aliyoachiwa na metroni siku anarudi kwao.

Sasa mwanamke huyu ndiye aliyegombana na jenerali. Ndiyo, jenerali, tena wa Kijerumani, tena marehemu. Alikufa zamani, kitandani mwake, juu ya shuka safi, amezeeka vizuri. Lakini kufa hakukumzuia kuja kutafuta kiwanja Kituntu.

Mambo yalianza kwa Melkiory. Huyu ni mtu wa Muleba, mfanyabiashara, ana nyumba ya wageni pale Bugene na kampuni ya kutembeza watalii aliyoianzisha siku alipokuta watalii wawili wamepotea njia. Ana maneno laini na viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope, na hilo la viatu Sperancia hakulipenda tangu mwanzo. Alikuja na bodaboda asubuhi ya Jumanne, akaamkia kwa heshima zote, akaketi, akaletewa kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna kama anavyoletewa mgeni yeyote, akatafuna, akasifu. Kisha akatoa kwenye begi kitabu chenye jalada la kijani.

"Mama, tuna mgeni mzito kutoka Ujerumani," alisema. "Yeye ni kitukuu wa jenerali. Huyo jenerali alipokuwa kijana alipigana huku kwetu, vita ile ya kwanza, na kambi yake ilikuwa kilimani, upande huu wa mashamba yenu. Mgeni anataka kumjengea kumbukumbu. Mnara, banda la picha, vyoo vya kisasa. Watalii watashuka hapa Kituntu, Mama, badala ya kutupungia mikono wakiwa ndani ya magari. Sasa mimi nakuomba unitafsirie humu kurasa chache za kuweka ukutani. Karagwe na Kyerwa nzima hakuna mwenye Kijerumani kama chako."

Nani angekataa? Miaka kumi na miwili ya ustaafu Kijerumani chake kilikuwa kinakaa bure kichwani, kama sare ya kazi iliyotundikwa nyuma ya mlango. Akakipokea kitabu, akasema atajitahidi. Hapo ndipo Melkiory alipoteleza, na wala hakujua kwamba ameteleza. Angempa zile kurasa chache tu, zilizochaguliwa. Yeye akampa kitabu kizima.

Sperancia alikisoma wiki tatu, kila siku akitoka kupalilia, kamusi kushoto na kitabu kulia. Alikisoma kama anavyosoma faili la mgonjwa, kuanzia jina mpaka mwisho, bila kuruka yasiyopendeza.

Jina la mgonjwa lilikuwa Gerhold Brandow. Alifika Bukoba akiwa luteni wa miaka ishirini na sita, mwaka ule ule vita ilipozuka. Waingereza walikuwa ng'ambo ya mto Kagera, Wajerumani upande huu, naye akapewa kilima chetu ili alinde njia ya kwenda Murongo. Miaka miwili akawa anapeleka chakula na risasi mtoni juu ya vichwa vya watu. Maadui walipobana kutoka huku na huku, mwaka 1916, akafunga mizigo akakimbilia Tabora, na huko Wabelgiji wakamkamata. Vita ilipokwisha alirudi kwao na nishani kifuani. Kuanzia hapo ni kupanda tu. Kapteni, meja, kanali. Vita ya pili ilimkuta kanali nchini Poland na kumfanya jenerali huko Urusi, ambako vijiji vilichomwa moto kwa amri yake, naye kitabuni akaviandika kama "hatua za usalama". Mwisho wake alijisalimisha, akashtakiwa, akahukumiwa miaka kumi na tano. Alitumikia minne. Madaktari waliandika kwamba tumbo lake lilikuwa limeharibika na hangefika mbali.

Hapo Sperancia alisoma mara mbili, akahesabu, akacheka peke yake mpaka kuku wakatoka barazani. Tumbo hilo lililomtoa gerezani lilimweka hai miaka ishirini na minne mingine. Jenerali wa watu alikula pensheni, akaandika kitabu, akaalikwa kuwahutubia maofisa vijana wa jeshi jipya, akafa na miaka themanini na minane. "Nimeuguza matumbo maisha yangu yote," Sperancia alimwambia jirani aliyekuja kuazima panga, "lakini tumbo lenye akili kama lile sijawahi kuliona."

Kicheko kiliisha alipofungua ukurasa wa hamsini na tatu, akasoma mambo ya siku zile za kilimani. Jenerali aliandika, kwa majivuno kabisa, kwamba wenyeji walimpa jina la utani. Walimwita Bwana Kamba. Alidhani walimpa jina hilo kwa sababu anapenda utaratibu.

Sperancia alivua miwani akaiweka juu ya kamusi. Jina hilo hakuwahi kuliona limeandikwa mahali popote. Alikuwa amelisikia tu, kwa mdomo wa bibi yake.

Bibi huyo, Kemirembe, alikuwa mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni siku askari wa Bwana Kamba walipoingia kibanjani, katikati ya migomba, wakamtoa mumewe. Mume aliitwa Rwegoshora. Walimfunga kamba kiunoni, kamba moja na wanaume wengine kumi na wawili, ili wabebe masanduku kwenda kusini. Rwegoshora alikuwa na chipukizi la mgomba mkononi, ndiyo kwanza amalize kuchimba shimo. Akalilaza chini, akamwambia mkewe, "Lipande, nitakuja kula." Kemirembe akalipanda. Yule mtoto wa mgongoni ndiye aliyekuja kuwa baba yake Sperancia, na katika maisha yake hakuwahi kujua sura ya baba yake ilikuwaje.

Mgomba ulizaa, ukakatwa, ukaacha watoto, nao wakazaa. Kemirembe akasubiri. Alikataa wanaume watatu waliotaka kumrithi, na mmoja wao alimkataa kwa mchi. Mwaka wa nane ukoo ukamwambia basi, mtu huyu azikwe, watu waweze kulala. Na kwetu asiye na mwili huzikwa hivi: hukatwa shina la mgomba lenye urefu wa mtu, huoshwa, huvishwa nguo ya gome la mti, huliliwa, hushushwa kaburini. Walikata shina la uzao wa chipukizi lile lile. Kwenye pembe nne za kaburi wakapanda milamula, ile miti myembamba tunayoiwekea mipaka, ambayo ukiikata leo mwezi ujao imechipua.

Halafu kuna sheria yake. Kemirembe alimrudia Sperancia maneno hayo tangu akiwa binti wa kutumwa kuni, mpaka mwaka 1972 mjukuu huyo alipomfumba macho bibi yake. Kaburi la mgomba halifukuliwi na mtu, kwa sababu yoyote ile, mpaka aliyezikiwa arudi. Naye akirudi haingii nyumbani hivi hivi, maana kwa watu wake alishakufa. Mrithi wa nyumba husimama juu ya kaburi na jembe mkononi, akatazama njia aliyoondokea mtu huyo, akamwita jina lake mara tatu. Akiitika, shina hufukuliwa na kutupwa, naye huingia kwake akiwa mzima.

"Na asipoitika?" Sperancia aliwahi kuuliza, angali mdogo.

"Basi yuko njiani," bibi yake alimjibu, akaendelea kumenya ndizi.

Melkiory aliporudi kuchukua tafsiri alikuta kikapu cha kahawa kimefunikwa. Mtu wa Muleba haelezwi kwamba huko ni kuambiwa hukaribishwi. Akajifanya hakioni, akaketi bila kukaribishwa.

"Kambi ya jenerali ilikuwa wapi hasa?" Sperancia alimuuliza.

"Pale juu penye milamula minne, Mama. Mgeni ana ramani ya babu yake. Tumeshapima, vigingi vimekaa tangu jana."

"Pale pana kaburi."

Melkiory akatabasamu, kwa sababu hilo alikuja amejiandaa nalo. "Nimeulizia, Mama. Nimeambiwa ni mgomba. Kaburi ni mtu. Pasipo na mtu hapana kaburi, hata sheria haina la kusema. Na mrithi wa nyumba ameridhia, ametia saini. Lameck, yule wa Rubwera."

Sperancia hakupiga kelele. Metroni alimfundisha kwamba mwenye ruhusa ya kupiga kelele wodini ni mgonjwa. Alimwambia Melkiory kazi haijakamilika, atakuja nayo siku ya mkutano wa kijiji wa kuuzungumzia mnara, akamsindikiza mpaka barabarani kwa adabu zote. Lakini aliporudi ndani alisahau hata kuwasha jiko. Alijisikia kama ameibiwa kitu akiwa anakiangalia.

Kesho yake alikwenda Rubwera. Lameck ni mtoto wa marehemu kaka yake, ndiye aliyerithishwa mkuki na kigoda cha nyumba, ingawa kigoda chenyewe anakikalia Krismasi tu. Siku zilizobaki yuko dukani kwake karibu na ofisi za wilaya, anauza saruji, mabati na misumari. Alipomwona shangazi yake mlangoni akainuka haraka.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umempa nani babu yako?"

Lameck akawatazama wateja wawili waliokuwa wakichagua bawaba, akamvuta kiti. Si mtu mbaya, Lameck. Anawasomesha wadogo zake, anamletea shangazi yake sukari na dawa ya magoti, na kwa miaka mingi imemuuma kuona Kituntu haina kitu ambacho mtu angetoka mbali kukitazama. "Shangazi, keti kwanza," alisema. "Mimi sijauza. Nimetoa kwa ajili ya maendeleo. Na saruji itatoka hapa dukani kwangu, hilo sikufichi. Lakini tuseme ukweli. Ule ni mgomba. Ulioza kabla baba yangu hajazaliwa. Pale hakuna mtu."

"Hakuna," Sperancia alikubali. "Ndiyo maana siwezi kupatoa. Angekuwepo ningemhamisha mwenyewe, nikamkusanya kwenye kitenge changu nikamlaza kwingine. Ambaye hayupo nitamhamishaje? Akija atanikuta wapi?"

"Imepita miaka mia na zaidi. Harudi."

"Hayo utayasema wewe, mrithi, siku ya mkutano, jembe likiwa mkononi. Mimi mwanamke wa kuolewa, sina sauti ya kuita juu ya kaburi la ukoo. Wewe unayo, na inaonekana hujui ni ya nini." Lameck alimfungulia soda. Sperancia aliiacha mezani na mapovu yake, akatoka kutafuta gari la kurudi.

Mkutano uliitishwa Jumamosi asubuhi, pale pale kilimani, na mwenyekiti wa kijiji, Ainebyona. Ilikuwa msimu wa kuchuma kahawa na watu wana kazi, lakini walikuja, wengine na vikapu vyao migongoni. Vigingi vya Melkiory vilikuwa vimezunguka milamula minne, vimefungwa kamba mpya ya njano. Mgeni alikuwa mwanaume wa miaka hamsini hivi, mpole wa sura, jua limemuunguza pua. Alisalimia kila mzee kwa mikono miwili, na shikamoo yake aliifanyia mazoezi, ilisikika. Sperancia alipomwona alitamani angekuwa mtu wa kiburi. Ingekuwa rahisi zaidi.

Melkiory alihutubia. Barabara, ajira, vyoo, watalii. Kisha akafunua ubao uliochongwa vizuri na kupakwa vanishi, watu wakausoma kwa pamoja wakinong'ona: HAPA ALIPIGA KAMBI JENERALI GERHOLD BRANDOW, SHUJAA WA KAGERA, RAFIKI WA WATU WA KARAGWE. Waliopiga makofi walikuwa wachache. "Na sasa," akasema Melkiory, "mama yetu Sista Sperancia atatusomea maneno ya jenerali mwenyewe, kwa Kiswahili."

Sperancia alisimama, magoti yakalia. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na kuushika mkononi mfuko wa plastiki wenye kitabu, daftari na kile kikapu cha kahawa.

"Nimeombwa kutafsiri, nimetafsiri," alisema. "Nitasoma mahali pawili tu, tusichelewe kahawa. Pa kwanza, jenerali yuko safarini kutoka hapa kwenda Tabora, anaeleza habari za nyumbu wake wa kupanda, chotara wa punda na farasi." Akafungua daftari. "'Siku mbili kabla ya Biharamulo nyumbu wangu Lotte alikufa kwa homa. Alikuwa na subira, na macho yake yalikuwa ya kibinadamu. Niliamuru achimbiwe kaburi lenye kina, likafunikwa kwa mawe makubwa ili fisi wasimfikie. Askari wangu walipiga risasi tatu hewani. Nililia bila kuona haya.' Habari za Lotte zimekwenda kurasa mbili na nusu. Nimezifupisha."

Watu walicheka kidogo. Mgeni naye akatabasamu kwa kuwaona wamefurahi.

"Pa pili ni ukurasa wa sitini na nane. Hapa nimetafsiri kila neno, sikupunguza. 'Nilitoka Karagwe na wapagazi mia mbili na kumi. Waliofika Tabora ni themanini na tisa. Kwa bahati njema hakuna sanduku lililopotea.'" Akafunga daftari. "Hapo anaweka nukta. Aya inayofuata anawalalamikia mbu wa Tabora."

Upande wa nyuma mwanamke mmoja alishusha kikapu chake cha kahawa chini. "Kwa hiyo nyumbu ana kaburi," alisema.

"Ana kaburi, ana mawe juu yake, ana jina pia," Sperancia alijibu. "Nimekipekua kitabu chote. Hakuna hata mpagazi mmoja mwenye jina. Huyu wa kwetu jina lake nalijua, na majina ya wa kwenu mnayajua. Kila nyumba iliyosimama hapa ina mtu aliyetoka na ile kamba."

Mgeni alikuwa anamtazama Melkiory, Melkiory anatazama viatu vyake. Basi mgeni akamuuliza Sperancia mwenyewe, kwa Kijerumani, amesoma nini. Sperancia akamtajia ukurasa. Mgeni alikuwa na kitabu chake kwenye mkoba, cha jalada lile lile la kijani, akafungua, akasoma amesimama, na wekundu wa puani ukashuka mpaka shingoni.

"Nimekisoma kitabu hiki tangu nikiwa kijana," alisema. "Mstari huu sikuuona."

"Ulikuwa unamtazama babu yako," Sperancia akamwambia kwa Kijerumani chake cha wodini. "Ni kawaida. Sasa umeuona."

Melkiory hakuwa mtu wa kukubali kirahisi. Alisema hayo ni ya zamani, yanasikitisha, na yeye yuko tayari kuongeza kwenye ubao maneno "na wapagazi wake". Lakini kiwanja ni kiwanja. Mrithi ametia saini, kaburi halina mtu, mafundi wanakuja Jumatatu. Akamgeukia mwenyekiti, naye Ainebyona akakuna kichwa akasema kwamba kwa kweli saini ya mrithi ni saini.

"Mwenyekiti," Sperancia alisema, "wewe ulikuja duniani umetanguliza miguu, nikakugeuza. Mama yako alinishukuru mpaka anakufa. Kwa hiyo nisikilize kidogo. Saini ya Lameck siipingi. Mrithi amekubali pafukuliwe, basi mrithi afukue. Lakini kaburi hili lina namna yake ya kufukuliwa, na wazee waliopo hapa wanaijua. Afuate namna hiyo. Akishafuata, mimi nitabeba mchanga wa mnara kwa kichwa changu."

Wazee waliguna kukubali. Hilo lilikuwa haki, na hata Melkiory hakuona ubaya wake. Alidhani ni tambiko la dakika mbili.

Jembe lilikuwa tayari, limeegemezwa kwenye mlamula. Sperancia alilichukua akamkabidhi Lameck mkononi. Lameck alikuwa amekuja na shati la dukani na simu mbili mfukoni, akaonekana kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa bila kusoma. Akairuka kamba ya njano, akasimama katikati ya milamula minne, akaitazama njia inayoshuka kutoka kilimani kwenda kusini, ile ile waliyoondokea. Akasafisha koo.

"Rwegoshora," aliita. Aliita haraka haraka, ili yaishe.

Lilikuwa jambo la ajabu kidogo, kwamba watu wazima mia moja, wenye akili zao, wenye simu na makanisa, waligeuza shingo wakatazama njia. Hapakuwa na kitu. Pikipiki ilipita mbali barabarani.

"Rwegoshora," Lameck aliita tena, kwa sauti ya juu zaidi. Melkiory alitaka kusema neno na mwenyekiti akamwonyesha kiganja anyamaze.

Mara ya tatu Lameck alikawia. Alilishika jembe kwa mikono miwili. Sperancia aliyemjua tangu dakika yake ya kwanza duniani aliona kidevu chake kinabadilika, kama kilivyokuwa kikibadilika utotoni kabla hajalia. Safari hii hakuita kwa ajili ya mkutano. Aliita kwa Kinyambo, akamwita babu, akamtaja jina lake, akamtajia na jina la mkewe Kemirembe na la mtoto aliyemwacha mgongoni, akamwambia mgomba ulipandwa na ulizaa, njoo ule. Kisha akasubiri, na wote wakasubiri naye, muda mrefu kuliko ilivyotakiwa. Wanawake wawili watatu walikuwa wanajifuta macho kwa ncha za kanga.

Lameck akamgeukia shangazi yake. "Haitiki," alisema.

"Basi yuko njiani," Sperancia akamjibu. "Ondoa vigingi hivyo, usimzibie."

Lameck akalilaza jembe chini. Alikwenda kwenye kigingi cha kwanza akakitikisa, akaking'oa, akaenda cha pili. Alipofika cha tatu mwenyekiti Ainebyona alikuwa ameshika cha nne. Kamba ya njano ilianguka kwenye majani na Melkiory akaanza kuikusanya, kwa sababu ilikuwa yake. Hakuna aliyemtukana. Mgeni alisogea akauliza kwa sauti ya chini walikuwa wanamwita nani, na watamsubiri mpaka lini.

"Tunamwita aliyebeba masanduku ya babu yako," Sperancia alimwambia. "Wewe rudi nyumbani, fungua makaratasi yake yote, si kitabu tu, utafute mahali alipomwacha. Ukipaona niandikie, Kijerumani nasoma. Siku hiyo tutakuja kumchukua na kaburi hili tutalifukua kwa mikono yetu. Kabla ya hapo, hata uje na majenerali wengine kumi, mahali hapa pana mwenyewe." Mgeni akaandika kitu kwenye daftari lake dogo, akaomba aandikiwe jina hilo vizuri. Sperancia akamwandikia, herufi moja moja: Rwegoshora.

Halafu akatoa kile kikapu mfukoni, akakifunua. Akampa Lameck wa kwanza, akampa mwenyekiti, akampa mgeni na kumwonyesha namna ya kutafuna. Hata Melkiory alipata punje moja, baada ya wengine wote. Lameck aliponyoosha mkono aongeze, shangazi yake akakifunika kikapu. Zilikuwa zimebaki punje mbili.

"Hizo zina mwenyewe," alisema, wakaanza kushuka kilima kwenda kuchuma kahawa.